Matembele Uani: Zulia la Kijani Linaloliwa

Katika vijiji na miji midogo ya Shinyanga na Geita, uwanja wa nyumba hufagiliwa kila asubuhi hadi ukabaki mweupe. Desturi hiyo ina sababu zake: nyoka huonekana kwa mbali, watoto hucheza pasipo miiba, na mgeni hujua kuwa amefika kwenye kaya inayojitunza. Hata hivyo, udongo usio na kitu cha kuufunika hulipa gharama kubwa. Kati ya Juni na Oktoba upepo huubeba kama vumbi hadi ndani ya nyumba. Mvua za kwanza zinaponyesha Novemba, matone huupiga, huusambaratisha na kuurushia kwenye misingi ya tofali mbichi, kisha maji huuchukua kuelekea barabarani na mtoni. Kila mwaka uwanja hushuka kidogo, na msingi wa nyumba hubaki umening'inia.

Somo hili linaeleza namna mkazi anavyoweza kuifunika sehemu ya uwanja wake kwa mmea unaotambaa, unaopendeza macho, na unaoliwa majani na mizizi: kiazi kitamu. Linaeleza pia jambo ambalo wakazi wa ukanda wa dhahabu hawana budi kulizingatia kabla ya kupanda chochote cha kuliwa karibu na makazi, yaani usalama wa udongo wenyewe.

Kwa nini kiazi kitamu

Mmea mzuri wa kufunika ardhi una sifa nne. Hutambaa badala ya kurefuka, hufunga nafasi upesi ili magugu yasipate mwanga, hushika udongo kwa mizizi mingi, na hauhitaji kununuliwa upya kila msimu. Kiazi kitamu kina sifa zote hizo. Kila kifundo cha rando kinachogusa udongo wenye unyevu hutoa mizizi, hivyo mmea mmoja hujishikiza ardhini mahali pengi. Kikipandwa kwa nafasi inayofaa na mvua zikiwa za kutosha, majani hukutana na kufunika udongo katika muda wa wiki sita hadi nane.

Uzuri wake nao si wa kubahatisha. Zipo aina zenye majani mapana yaliyo kama moyo, zenye majani yaliyochanika kama vidole, na zenye ncha za rangi ya zambarau. Nchini Marekani zipo aina za kiazi kitamu zinazouzwa kama mapambo tu, za majani meusi au ya kijani kilichopauka, ambazo watu huziotesha kwenye vyungu na kando ya njia. Mkazi wa Kahama au Geita anaweza kuupata uzuri huo huo huku akichuma mboga ya jioni.

Kiazi kitamu si mgeni Usukumani. Kaya nyingi hulijua tuta lake tangu utotoni, na akiba ya kiangazi imetegemea kwa vizazi vingi michembe, yaani viazi vilivyomenywa, kukatwa na kuanikwa vikiwa vibichi, pamoja na matobolwa, ambayo huchemshwa kwanza ndipo yakatwe na kuanikwa. Kilicho kipya katika somo hili ni kukitoa kiazi shambani na kukisogeza uani, kikafanye kazi ya kulinda udongo na kulisha watoto kwa wakati mmoja.

Kuifunika ardhi ni wazo ambalo Shinyanga imelithibitisha zamani. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulirudisha uoto katika maeneo mengi yaliyokuwa yamebaki uchi kwa kuimarisha desturi ya ngitili, yaani malisho yanayofungwa ili yapumzike na kuota upya. Mwaka 2002 mpango huo ulipata tuzo ya kimataifa ya Equator. Uwanja wa nyumba ni mdogo kuliko ngitili, lakini kanuni ni ile ile: udongo uliofunikwa haukimbii.

Kinachopatikana jikoni

Majani ya kiazi, matembele, ni mboga yenye protini kiasi, madini ya chuma, folati na viini ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A. Mizizi ya aina zenye nyama ya rangi ya chungwa ina viini hivyo kwa wingi zaidi. Gramu 125 za viazi vya aina hizo, kiasi cha kiazi kimoja kidogo, hutosha kumpa mtoto mdogo vitamini A anayoihitaji kwa siku. Viazi vyeupe na vya krimu hushibisha vizuri, lakini havina viini hivyo kwa kiwango cha kutegemewa.

Jambo hili ni zito. Upungufu wa vitamini A huudhoofisha uwezo wa mtoto kupambana na surua na kuhara, na dalili yake ya awali ni kutoona vizuri jioni giza linapoingia. Serikali hutoa matone ya vitamini A mara mbili kwa mwaka kwa watoto wenye umri wa miezi 6 hadi 59, na chakula cha nyumbani hakichukui nafasi ya matone hayo. Kazi ya chakula ni kulinda afya ya mtoto siku zote zilizo kati ya tone na tone.

Umuhimu wa viazi vya rangi ya chungwa umetambuliwa duniani. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani ilitolewa kwa wataalamu wanne, na watatu kati yao, Maria Andrade, Jan Low na Robert Mwanga wa Uganda, walitunukiwa kwa kazi yao juu ya viazi hivyo. Aina kama Kabode na Ejumula, ambazo asili yake ni Uganda, pamoja na Mataya na Kiegea, zimefika mikononi mwa wakulima wa Tanzania.

Mafuta husaidia mwili kuipokea vitamini A. Kwa hiyo matembele yaliyoungwa kwa karanga, kama yapikwavyo katika kaya nyingi za kanda hii, yana faida kuliko yaliyochemshwa kwa maji na chumvi pekee. Chungu kifunikwe, na mboga isipikwe muda mrefu. Michembe na matobolwa ya viazi vya rangi ya chungwa yaanikwe kivulini penye upepo, kwa sababu jua kali huharibu sehemu ya viini vya vitamini A.

Kwanza udongo: tahadhari ya ukanda wa dhahabu

Katika maeneo ya uchimbaji mdogo kama Nyarugusu na Rwamagasa mkoani Geita, na katika machimbo mengi ya Kahama na Shinyanga, mawe husagwa kwenye makarasha, unga wake huoshwa kwenye mialo, na dhahabu hukamatwa kwa zebaki. Mchanganyiko huo huchomwa ili zebaki itoke na dhahabu ibaki. Zebaki iliyotoka haipotei. Hupanda hewani kama mvuke usioonekana, husafiri na upepo, kisha hushuka kwenye udongo, maji, paa na majani ya mimea. Mchanga uliokwisha kuoshwa, unaojulikana kama marudio, hubaki na zebaki, na mara nyingine huwa na aseniki iliyokuwamo kwenye mwamba wenyewe. Marudio yanayochenjuliwa tena kwa sianidi huongeza hatari nyingine.

Zebaki hudhuru mfumo wa fahamu, figo, na mtoto aliye tumboni. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu Zebaki mwaka 2020, na mkataba huo unazitaka nchi kupunguza matumizi yake katika uchimbaji mdogo. Wakati juhudi hizo zikiendelea, kaya zinapaswa kujilinda.

Mboga za majani hustahili uangalifu wa pekee kwa sababu jani hupokea mvuke wa zebaki moja kwa moja kutoka hewani. Kuosha majani huondoa vumbi la juu, lakini hakuondoi kilichokwisha kuingia ndani ya jani. Kumenya kiazi nako hakutoshi kukisafisha kiazi kilichokua katika udongo mchafu. Kwa hiyo kinga pekee ya uhakika ni kuchagua mahali.

Matembele na viazi vya kuliwa visipandwe:

1. Mahali palipokuwa au palipo na mwalo, karasha au rundo la marudio, hata kama pamesawazishwa na kuonekana kama uwanja wa kawaida.
2. Uani ambako dhahabu imekuwa ikichomwa, au upande ambao upepo hupeleka moshi wa uchomaji wa jirani.
3. Kwenye mkondo unaopokea maji kutoka mwaloni, hasa yale ya mvua kubwa.
4. Mahali panapomwagiliwa kwa maji ya bwawa au shimo la machimbo.

Mkazi aliye katika hali hizo bado anaweza kuufunika uwanja wake kwa nyasi au maua yasiyoliwa, ili vumbi lenye sumu lisiingie ndani wala lisichezewe na watoto. Mboga yake ipandwe kwingine, mbali na upande wa chini wa mteremko unaoshusha maji ya machimbo. Mifugo nayo isilishwe majani yaliyoota mahali hapo. Mwenye mashaka juu ya historia ya kiwanja aulize wazee wa kitongoji na serikali ya kijiji, kisha amwone afisa mazingira wa Halmashauri. Upimaji wa kimaabara hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza.

Aina za udongo na mahali pa kupanda

Wakulima wa Kisukuma huugawa udongo kwa majina yaliyo sahihi kuliko ramani nyingi. Luseni, udongo wa kichanga wa miinuko, ndio unaopendwa zaidi na kiazi, kwa kuwa mizizi hupanuka bila kubanwa. Mbuga, udongo mweusi mzito wa mabondeni, hutuamisha maji na kuozesha viazi. Anayeishi mbugani ainue matuta marefu na kutegemea majani zaidi kuliko mizizi. Itogolo, wenye tabaka gumu chini, huhitaji kutifuliwa na kuchanganywa na samadi iliyooza.

Kiazi kitamu hupenda jua. Chini ya mwembe mkubwa hutoa majani machache na mizizi myembamba, lakini kati ya miche michanga ya matunda hustawi vizuri. Eneo la mita moja kuzunguka ukuta liachwe wazi na lifagiliwe kama kawaida, ili panya na nyoka wasipate maficho mlangoni, na maji ya kumwagilia yasilainishe tofali. Njia ya kuelekea chooni na jikoni ibaki wazi kwa sababu hiyo hiyo.

Mbuzi huwahi kuliko mvuna. Uzio wa minyaa hufaa, lakini utomvu wake huumiza macho, hivyo ukatwe na mtu mzima kwa uangalifu.

Kutunza mbegu wakati wa kiangazi

Kikwazo kikubwa cha Shinyanga ni kupata marando mvua zinapoanza. Kiangazi hukausha mashamba, na mkulima asiye na bonde lenye maji hulazimika kununua au kusubiri hadi Januari, mvua zikiwa zimekwisha kupungua. Mradi wa Marando Bora, ulioendeshwa na Kituo cha Kimataifa cha Viazi katika Kanda ya Ziwa mwanzoni mwa miaka ya 2010, ulijibu tatizo hilo kwa kuwasaidia wazalishaji wa vijijini kukuza marando safi karibu na wateja wao.

Kwa kaya isiyo na maji mengi ipo njia nyingine, ambayo ni kuhifadhi viazi vyenyewe mchangani kisha kuviotesha. Hatua zake ni hizi:

1. Wakati wa mavuno, vichaguliwe viazi vya ukubwa wa kati kutoka kwenye mashina yenye afya. Visiwe na jeraha wala tundu la fukusi.
2. Beseni au ndoo itandikwe karatasi, kisha viwekwe mchanga mkavu uliopoa, viazi bila kugusana, mchanga tena, hadi chombo kijae. Juu kabisa uwe mchanga.
3. Chombo kikae ndani ya nyumba, mahali pakavu, penye ubaridi, pasipofikiwa na panya.
4. Kila mwezi viazi vikaguliwe na vilivyooza viondolewe.
5. Wiki sita hadi nane kabla ya mvua, yaani katikati ya Septemba kwa maeneo mengi ya kanda hii, viazi vilivyochipua vipandwe kwenye kitalu kilichozungushiwa uzio karibu na nyumba, na vimwagiliwe kila baada ya siku tatu au nne. Maji yaliyooshea vyombo pasipo sabuni nyingi yanatosha.

Kiazi kimoja kilichotunzwa vizuri huweza kutoa vipande takribani 40 vya kupanda. Katika ukanda wa dhahabu lipo onyo moja la ziada: mchanga wa kuhifadhia usichukuliwe kwenye marudio, hata ukionekana laini na safi kuliko wa mtoni. Vyombo vilivyowahi kubeba kemikali za uchenjuaji navyo visitumike.

Kupanda na kutunza

Chukua mfano wa uwanja wa mita 10 kwa mita 3. Matuta matano yenye urefu wa mita 10, yakiachana sentimita 60, huujaza uwanja huo. Kila tuta likipandwa vipande kwa umbali wa sentimita 30, vitahitajika vipande 165 hivi. Viazi vitano vilivyohifadhiwa mchangani vinatosha kuvitoa.

Matuta yakingame mteremko, yaani yapite kwa ubavu na si kushuka nao, ili kila moja lishike maji. Vipande viwe na urefu wa sentimita 25 hadi 30 na vikatwe kutoka nchani mwa rando, kwa sababu sehemu ya karibu na shina mara nyingi huwa na mayai ya fukusi. Vikae kivulini siku moja au mbili, kisha vipandwe kwa kulaza theluthi mbili ya kipande ndani ya udongo wenye unyevu. Samadi iwe ya kiasi. Ikizidi, majani hustawi na mizizi hudumaa, jambo ambalo ni hasara kwa anayetaka viazi lakini si kosa kwa anayetaka mboga tu.

Palizi hufanyika katika wiki za mwanzo, kabla majani hayajakutana. Baada ya hapo zulia lenyewe huzuia magugu.

Kuchuma matembele kunaweza kuanza wiki ya tano au ya sita. Zichumwe ncha chache kwa kila shina, na shina lipumzishwe wiki mbili au tatu kabla ya kuchumwa tena. Anayechuma sana hupata mboga nyingi na viazi vidogo. Njia nzuri ni kutenga matuta mawili ya mboga na kuyaacha matatu yakue kwa ajili ya mizizi.

Adui wawili wanapaswa kutambuliwa mapema. Fukusi huingia kupitia nyufa za udongo unaokauka na kukifanya kiazi kiwe kichungu. Huzuiliwa kwa kuinulia udongo kwenye matuta, kuziba nyufa, na kuvuna mara viazi vinapokomaa, yaani miezi mitatu na nusu hadi mitano tangu kupanda. Kusubiri hadi Agosti ni kumlisha fukusi. Adui wa pili ni ugonjwa wa virusi, unaoenezwa na inzi weupe na vidukari. Majani hudumaa, hujikunja na kuwa na mabaka ya manjano. Ugonjwa huu hauna dawa. Shina lililougua ling'olewe, lisitoe mbegu, na mwaka unaofuata kiazi kihamishiwe upande mwingine wa uwanja, hapo pa kwanza pawekwe kunde.

Huduma zinazopatikana

Afisa ugani wa kata hutoa ushauri wa aina za viazi na mahali pa kupata marando safi, na anaweza kuwasiliana na Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, kituo cha Ukiriguru, kilichopo wilayani Misungwi. Ushauri wa mapishi na ulishaji wa watoto hutolewa katika zahanati na wakati wa Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji. Masuala ya kemikali za machimbo yapelekwe kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, ambaye huyafikisha kwa afisa mazingira.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Maji ya mvua huingilia upande gani wa uwanja, na yametoka wapi kabla ya kufika hapo?
2. Nani katika kitongoji anakumbuka kiwanja kilitumikaje miaka 20 iliyopita?
3. Kaya ina watoto wangapi walio chini ya miaka mitano, na wanahitaji matuta mangapi ya mboga?
4. Mchanga wa kuhifadhia mbegu utachukuliwa wapi?

Kaya iliyokwisha kuyajibu maswali hayo manne imeshamaliza sehemu ngumu ya kazi. Sehemu iliyobaki ni jembe, viazi vitano, na mvua ya Novemba.